Kupe na Mtoto wa Nyumba Mbili

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwa wananchi wote, waliooana, walioachana, na wale ambao mpaka leo hawajui wako kundi gani, kwamba utafiti wa familia umempata shujaa wake. Shujaa huyo ana raba zilizoliwa kisigino upande mmoja, mwavuli usiofunguka, na kishikwambi cha ofisi kinachopata moto kama pasi. Kazi yake ni kubisha hodi. Wenzake wanamwita Kupe, wala si kwa chuki: akishakunasa, hang'oki mpaka ashibe.

Wasomi waliomwajiri wanataka kujua jambo moja: wazazi wakiachana, wakioa tena, wakienda kutafuta kazi mbali, watoto wanaishije? Swali zuri. Wameliandikia vitabu vinene vya kutosha kuzuia mlango usipigwe na upepo. Ila wa kwenda kuuliza ni Kupe, kwa sababu msomi akibisha hodi watu hudhani amekuja kukata umeme.

Utafiti wenyewe huwafuata watoto walewale, kila baada ya miaka michache. Mtoto asipopatikana awamu moja, anafutwa, na hakuna atakayemuuliza tena. Kupe hapendi kufuta. Familia ikihama, hahangaiki na marafiki zao. "Rafiki atakuficha," husema. "Tafuta adui. Adui anajua mpaka rangi ya pazia."

Tatizo lake kubwa ni neno kaya. Familia, kwa wasomi, ni neno la kadi za harusi. Wao huhesabu kaya, yaani watu wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Aliyetunga maana hiyo bila shaka hakuwahi kupelekwa kwa mama mdogo "wiki moja tu" akakaa mpaka akaota ndevu. Kupe mwenyewe alianzia kwa shangazi, akahamishiwa kwa mjomba, akamalizikia kwa jirani aliyekuwa amemzoea tu. Angeulizwa utotoni kaya yake ipi, angejibu, "Ya leo au ya kesho?"

Basi kulikuwa na binti mmoja. Mara ya kwanza Kupe kumhoji, alikuwa mdogo, wazazi wake wametoka kuachana, na kila swali alilijibu "sijui". Kupe alipokuwa anafunga mkoba, mtoto akauliza, "Shangazi, utarudi?" Kupe akasema atarudi. Aliyasema hayo bila kumuuliza mtu yeyote ofisini.

Akarudi baada ya miaka michache. Mama wa binti alikuwa mji wa mbali kikazi, akipiga simu kila Jumapili. Baba, fundi wa friji, alikuwa ameoa tena na kupata mapacha. Kupe alimkuta uani, kichwa kiko ndani ya friji lisilo na mlango.

"Hodi!"

"Kama ni lile friji la bluu, halijapona!"

"Si friji, mdogo wangu. Ni mtoto. Binti yako mkubwa anaishi hapa?"

Fundi akatoa kichwa polepole. Mtaani kulikuwa na uvumi kwamba watu wa vishikwambi wanapima nyumba, na nyumba ikionekana imelea vibaya, mwenyewe anaitwa ofisini kujieleza.

"Anaishi..." akasema, akaangalia bisibisi yake kama ndiyo yenye jibu. "Hapa anakula tu, dada. Kulala, analala kwa mama yangu, pale ng'ambo ya njia. Kamuulize mama."

Mkewe, Mama Pacha, akatokea mlangoni na mtoto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni. "Hawa wawili wanalia kwa zamu kama walinzi. Mwanafunzi atalala saa ngapi humu? Lakini chakula anakula! Usije ukaandika hatumpi chakula!"

"Kwa hiyo ni wa kaya yenu?"

"Baba Pacha, si unaulizwa!"

"Andika wa kwa mama," fundi akasema, akarudisha kichwa ndani ya friji.

Kupe akavuka njia. Bibi alikuwa kibarazani akishona kifungo cha shati la shule.

"Mwanangu, mimi nampa godoro tu," bibi akasema. "Chungu kiko kule kwa baba yake. Mimi na miguu hii, nikiandikwa mlezi, wakija kuniuliza mbona mtoto anakohoa, nitawajibu nini?"

"Kwani ni nani wako, mama?"

"Mjukuu wangu! Roho yangu ile!"

"Na anaishi hapa?"

"Analala tu. Kama mgeni."

Ieleweke kwamba hawa ndio watu waliomgombania binti huyu wazazi wake walipoachana, kikao kikavunjika, na kiti kimoja pia. Leo utafiti unamuulizia, hana mwenyewe.

Kupe akampigia msimamizi wake, bwana mpole mwenye digrii mbili na subira ya moja.

"Kama anakula huku na kulala kule," msimamizi akasema, "lazima mtu mzima mmoja aseme ni wa kwake. Asipopatikana, tunamfuta. Leo ndiyo mwisho wa mtaa huo, Kupe."

"Simfuti."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitawazunguka."

Akawazunguka kweli. Alivuka njia kwenda kwa fundi, akavuka kurudi kwa bibi, kila mara na namna mpya ya kuuliza. Nani anamvuta masikio akikosea? Nani anajua saizi ya viatu vyake? Kila jibu lilikuwa na mapenzi tele, na kila jibu liliishia kidole kikielekezwa upande wa pili. Muuza maji aliyeegesha mkokoteni wake hapo alimwonea huruma, akampa kikombe. Kupe akanywa, akavuka tena.

Jua lilikuwa limeanza kulegea binti alipotoka shule, akamkuta Kupe kibarazani kwa bibi. Binti alimtambua kwa mwavuli.

"Shangazi! Ulisema utarudi!"

"Si nimerudi? Na wewe nani kakuruhusu kurefuka hivi?"

"Niulize basi. Mara ile nilisema sijui, sijui. Sasa hivi najua. Nina majibu mengi."

"Na mimi nayataka. Lakini kwanza mtu mzima aseme unaishi kwake."

Binti akacheka, kwa maana hilo halikuwa swali. "Si bibi?"

Bibi akainamia kifungo. "Mwambie baba yako aseme, mjukuu wangu. Kwangu mimi wewe ni wa kulala tu."

"Basi baba?"

"Wa bibi yako huyo!" sauti ikatoka ndani ya friji ng'ambo ya njia.

Binti akaacha kucheka. Akaingia ndani. Kupe alidhani anakwenda kulia, akainuka kumfuata. Lakini binti akatoka kinyumenyume, analiburuta godoro, mto kauweka kwapani. Akalivusha kizingiti, akalitandaza katikati ya njia, sawasawa kati ya nyumba mbili, akaketi juu yake na mkoba wa shule mapajani. Baiskeli iliyokuwa inakuja ikamzunguka kwa adabu.

"Shangazi, njoo unihesabu hapa," akasema. "Hapa ndipo kwangu. Andika: njiani."

Mtu mwingine angembembeleza. Kupe alivua raba zake, akaziweka pembeni kama mgeni mwenye heshima zake, akaketi godoroni, akafungua kishikwambi.

"Jina la mkuu wa kaya?"

"Mimi."

"Paa la nyumba ni la nini?"

Binti akaangalia juu. "Mawingu."

"Wanakaya wangapi?"

"Mmoja. Na wewe mgeni."

Kupe alikuwa na sauti ya kuhoji viziwi, na mtaa mzima ulisikia. Muuza maji akapaza yake: "Fundi! Friji zinalala ndani, mwanao analala nje?"

Hapo ndipo fundi alipotoka mbio na bisibisi mkononi. Bibi akatoka na kandambili moja.

"Inuka njiani, mwanangu! Dada, futa hayo! Huyu ni wangu!"

"Wako kwa lipi?" bibi akafoka. "Nani anamfunika usiku? Wangu!"

"Anakula kwangu, mama!"

"Na nani anampikia?" Mama Pacha akapiga kelele kutoka mlangoni. "Niandike na mimi!"

"Kwa hiyo mmekubali," Kupe akasema, bila kuinuka.

Kishikwambi kilitaka saini moja tu. Akampa fundi kwa kuwa chungu kilikuwa chake, na bibi akamshika mwanawe kiwiko alipokuwa anaandika, hata saini ikatoka ya watu wawili na tetemeko la ardhi. Kisha Kupe akawafukuza wote, maana mtoto anahojiwa peke yake. Wakaenda kusimama milangoni, shingo ndefu kama bata. "Mbali zaidi!" akawaambia.

Binti aliongea mpaka taa za madirishani zikaanza kuwaka. Aliyoyasema ni siri yake na ya utafiti. Kinachojulikana ni kwamba hakusema "sijui" hata mara moja, na alipomaliza alisimama, akakunja ncha ya godoro, akamwita baba yake.

"Baba, shika upande ule."

"Tunalipeleka wapi?"

"Kwa bibi. Halafu nakuja kula. Na mtu akiulizwa tena mimi ni wa nani, aseme wa kwetu. Sitaki kusikia vingine."

Fundi akashika. Bibi akabeba mto.

Kupe alikuwa anafunga kamba za raba msimamizi alipopiga simu. Alikuwa ameshayaona majibu kwenye mtambo wa ofisini, na sauti yake ilikuwa imenona kwa fahari. Alisema huyu ndiye mtoto ambaye dunia ya utafiti ilikuwa haimwoni. Alisema vizazi vijavyo vya wasomi vitaketi miguuni pa kazi ya leo. Alisema yeye binafsi ameguswa mahali ambapo hakujua kama panagusika. "Kupe, mama yangu," akamalizia, "sema neno lolote, nami nitalipeleka kwa wakubwa."

"Nyumba inayofuata ina mbwa?"