Majoho Thelathini na Sita

Siku niliyopewa meza ya kukatia, furaha yangu ilidumu kwa muda wa kushuka ghorofa nne. Nilipofika chini, kwenye barabara ya nyuma ya River Road ambako karakana yetu imejibanza juu ya maduka ya vitambaa, tayari nilikuwa naogopa. Nilinunua hindi la kuchoma nikashindwa kulila.

Asiyeijua kazi yetu atashangaa kwa nini meza imtishe mtu mzima. Tunashona sare za shule, aproni za hoteli, mapazia, majoho ya kwaya, na kila kitu huanzia pale mezani. Mshonaji akikosea, anafumua. Mpiga pasi akikosea, anarudia kwa mvuke. Mkataji akikosea, kitambaa ndicho hicho kimekwenda. Kwa hiyo mkataji ndiye huongoza wenzake: anapanga nani ashone nini na lini, na akisema limesemwa. Mama aliyeishika meza kabla yangu alikuwa nayo tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Magoti yalipomkataa akastaafu, na mwenye karakana akaniteua mimi. Wiki hiyohiyo akaleta mashine ya umeme ya kukatia, yenye kisu kilichosimama wima na kulia kama nyuki, badala ya mikasi tuliyoizoea. Mabadiliko mawili kwa mpigo, na yote mawili yalikuwa na makali.

Wote tulijua meza ingekwenda kwa nani kama ingefuata umri. Kulikuwa na fundi mmoja, mzee kunishinda kwa miaka zaidi ya ishirini, aliyenifundisha kushona kola nilipoajiriwa. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu na yeye alilijua hilo. Ubaya zaidi, alikuwa jirani yangu kule Mutuini, pembezoni mwa jiji. Mimi nilipanga kwenye zile nyumba mpya. Yeye alikaa kwenye shamba la baba yake, na migomba, na ng'ombe wawili. Kila alfajiri nilichukua maziwa kwa mkewe, nikamsalimu yeye kwa adabu zote nilizofunzwa na wazazi wangu, Wakamba ambao kwao mtu mzima hachezewi. Saa mbili baadaye nikawa nampangia kazi. Wengine waliponiita Madam, yeye aliniita "jirani," tena kwa upole, nami nikausikia upole ule kama mwiba.

Mimi nikiogopa sinyamazi. Huwa mkali. Wengine wakiogopa hutetemeka na watu wakawahurumia. Mimi hupandisha sauti na watu wakanichukia. Jumatatu yangu ya kwanza niliwakusanya mafundi wote tisa nikawaambia kwamba pale mezani sitaki kuambiwa kazi, na mwenye neno alimalize na uzi wake. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo mbele ya kioo. Wakanyamaza wote, nami nikadhani kile kimya ni heshima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa tangu utotoni. Mimi nilikwenda mbele nikawapiga marufuku wakuu wasiseme.

Miezi miwili mambo yalikwenda. Nikaizoea mashine kiasi cha kutofumba macho ninapoiwasha. Ndipo ikaja kazi ya majoho.

Kiongozi wa kwaya moja ya mtaa wa Mountain View, mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza watu bila kipaza sauti, alituletea kitambaa chake mwenyewe. Kilikuwa mahameli, rangi ya damu ya mzee, na kwaya ilikuwa imechangishana mwaka mzima kukinunua. Walitaka majoho thelathini na sita. Kanisa lao jipya lilikuwa linabarikiwa Jumapili ya pili kutoka siku ile, na duka walikonunua halikuwa na kipande kingine. Aliyasema hayo akikipapasa kitambaa kama mtu anayemwacha mtoto kwa jirani.

Mahameli yana manyoya, na manyoya hayo yamelala upande mmoja. Ukiyapapasa kuelekea chini yanateleza na kung'aa. Ukiyapapasa kuelekea juu yanagoma na rangi inaingia giza. Kwa hiyo unapotandika tabaka juu ya tabaka ili ukate nguo nyingi pamoja, ukifika mwisho wa meza unakata kitambaa, unarudi mwanzo, unatandika tena kwa mwelekeo uleule. Ni kazi ya kuchosha. Pamba haihitaji hivyo. Pamba unaitandika ukienda na kurudi, kama mtu anayekunja shuka, na hakuna atakayejua.

Nilitandika mahameli ya watu nikienda na kurudi.

Sisingizii haraka, ingawa haraka ilikuwepo. Wala si kwamba sikujua. Mama wa magoti alikuwa ameniambia, mara moja, miaka mingi nyuma, nikiwa mtu wa vifungo. Siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye kile kisu, kama kitapita kitambaa kizito kama hicho bila kuruka. Kilipita vizuri sana. Nilijipongeza kwa sauti mbele ya watu.

Chini ya taa zetu za karakana, mahameli yote yalionekana sawa. Mafundi walishona kila mmoja kwenye kona yake, nami nikapita kati yao nimeinua shingo. Alhamisi, siku tatu kabla ya ibada, yalipokwisha tukayatundika yote kwenye waya mrefu ulio karibu na dirisha la upande wa magharibi. Jua la saa tisa lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Majoho kumi na nane yaling'aa kama divai. Kumi na nane yalikuwa meusi kama zambarau iliyoiva kupita kiasi. Yalikuwa yamechanganyika, hili jeusi, lile la kung'aa, mengine mawili meusi, na hata mtu asiyejua kushika sindano angeuliza kulikoni.

Cherehani zilinyamaza moja moja. Mwenye karakana akatoka ofisini kwa sababu ya ule ukimya, akatazama waya, akanitazama mimi, akamtazama binti wa kupiga pasi. Akauliza, "Hii ni pasi imechoma, ama?"

Na hapo ndipo mlango wangu wa kutorokea ulipofunguka. Pasi huweza kuyalaza manyoya ya mahameli. Mwenye karakana, aliyejua zaidi biashara kuliko kushona, angeliamini jambo hilo bila shaka. Yule binti alikuwa na miezi mitatu kazini. Alishaanza kulia kabla hajatuhumiwa, maana maskini hujua zamu yake. Ningenyamaza tu, wala nisingehitaji kusema uongo. Watu wote walikuwa wakinitazama, na yule fundi mzee alikuwa amevua miwani, nayo haivui ila akitaka kuona mbali.

Nilijua nikisema, meza inaweza kuniondokea jioni ileile. Nilijua pia kwamba nikinyamaza nitabaki nayo, na kila asubuhi nitaingia mle ndani nikiwa mwoga zaidi ya jana yake. Nikapiga moyo konde.

"Si pasi," nilisema. "Ni mimi. Nilitandika vibaya. Huyu msichana hana kosa, na hakuna fundi mwenye kosa hapa."

Sauti yangu ilitoka nyembamba, si ile ya Jumatatu. Mwenye karakana alifumba macho kidogo, akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia nitakwenda kwa mwenye nguo sasa hivi, nimweleze mwenyewe. Nilichukua majoho mawili, jeusi na la kung'aa, nikayakunja ndani ya shuka, nikatoka.

Kiongozi wa kwaya alinipokea kwenye ua wa nyumba yake, pale ndani ya Mountain View, akiwa anaanua nguo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakapotea. Nikafungua shuka tu. Aliyachukua majoho, akayatundika kwenye kamba yake kando ya taulo za wajukuu, akarudi nyuma hatua tano, akafunga mikono kifuani. Jua lilikuwa bado kali. Alitazama muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kuhesabu vibanio.

"Ni nzuri hivi," akasema mwishowe. "Mlifanya makusudi?"

Mungu anisamehe, jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa tamu. Ningesema ndiyo, mama, ni mtindo mpya, na ningerudi mjini shujaa.

"Hapana, mama. Nilikosea. Manyoya ya kitambaa yanatakiwa yaelekee upande mmoja na mimi nikayatandika mbele nyuma. Nusu ni hivi, nusu ni hivi."

Akanigeukia. Akasema, "Mimi nimeuza mapazia pale Adams Arcade miaka mingi. Mahameli naijua. Nilikuwa nataka tu kusikia utasema nini."

Niliketi juu ya beseni lake lililopinduliwa. Yeye akawa tayari anapanga watu wake kwa vidole: mmoja wa mwanga, mmoja wa giza, safu hadi safu, ili watu wadhani ndivyo ilivyokusudiwa. Afadhali iwe nusu kwa nusu, alisema, kuliko kama lingekuwa joho moja tu baya katikati, maana hilo angempa nani bila kugombana. Nilicheka huku nikilia. Nilikuwa na nafuu ambayo sijui kuieleza vizuri, nafuu ya mwilini, kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Alinipa chai. Alinipa na karipio pia, refu na la haki, na yote mawili yalishuka vizuri.

Alipokuwa anakagua ndani ya lile joho jeusi ndipo alipouliza alama ile ni ya nini. Kwenye upindo, kwa chaki, ilikuwa imeandikwa namba saba. Kwenye mkono, saba. Kwenye kola, saba. Nikalipindua lile jingine: nne, nne, nne.

Zamani pale karakana tuliandika namba kwa chaki kwenye kila kipande, ili vipande vya tabaka moja vishonwe pamoja. Mimi niliifuta desturi hiyo wiki yangu ya kwanza, nikisema inapoteza muda. Bila namba hizo, vipande vyangu vilivyopinduka vingechanganyika, na kila joho lingekuwa na mkono wa giza na kifua cha mwanga, mabaka matupu. Hakuna kwaya ambayo ingevaa kitu kama hicho, wala kiongozi ambaye angenipa chai. Na saba ile ilikuwa na mstari katikati. Nilikuwa nimeiona saba hiyo miaka tisa, kwenye daftari za mtu mmoja tu.

Kesho yake asubuhi, nilipochukua maziwa Mutuini, yule fundi mzee hakuwepo. Mkewe alisema ameondoka mapema. Nilimkuta karakana, anatia mafuta cherehani yake. Niliwaambia wote kwanza kwamba majoho yamekubaliwa, nikamwomba radhi yule binti wa pasi kwa kulizwa na kosa langu, kisha nikavuta kiti kando ya yule mzee. Nikamuuliza kwa nini aliandika namba nilizokataza.

Hakuacha kupaka mafuta. "Nilikuona ukitandika," alisema. "Ukienda, ukirudi. Nikajua. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka uanguke. Hiyo nakwambia ukweli, jirani. Lakini wale watu wa kwaya hawakuwa wamenikosea. Sasa usiku wewe ukienda, nikabaki nikaandika."

Hasira ilinipanda, kisha ikaisha yenyewe njiani. Miezi miwili nilikuwa nikikesha nikiwaza kama mtu huyu ananitakia mabaya, na sasa alikuwa amenijibu, uso kwa uso, akiwa na kopo la mafuta mkononi. Kumbe jambo likishasemwa linakuwa na ukubwa wake tu. Nilimwambia kweli alinikosea kwa kunyamaza, lakini mimi ndiye niliyewaagiza wanyamaze. Nikamwambia namba za chaki zinarudi tangu siku hiyo. Na akiniona tena naenda kombo pale mezani, aniambie papo hapo, mbele ya watu, asingojee.

Akavaa miwani yake ili anione vizuri.

"Utanuna," akasema.

"Nitanuna," nikamjibu. "Lakini wewe sema."