Unaturi wa Al Qusais na Vyumba vya Mama Nafula

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai sikulinda chochote. Nilipewa pete ya chuma yenye funguo tele, nikaambiwa nipande jengo kutoka chini hadi juu nikifungua kila nyumba isiyo na mtu. Lifti ilikuwepo na ilikuwa nzima, lakini Mudiri alitaka nitumie ngazi. Mudiri maana yake meneja. Huyu wetu alikuwa mtu wa Kerala, mwembamba, na hakuwa na haraka ila pale mtu mwingine alipotaka kupumzika.

"Barasa, kufuli likigoma leo, ligome mbele yako," aliniambia. "Likigoma mbele ya mpangaji, akisimama hapo mlangoni ataanza kuhesabu nyufa. Yalla, panda."

Nilipanda. Hiyo ilikuwa mtaa wa Al Qusais, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, na mimi nilikuwa nimeacha uaskari wa shule kule Kitale nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Kazi yangu mpya iliitwa unaturi. Naturi ni mlinzi wa jengo, lakini ukidhani anakaa tu getini kuangalia magari, pole sana. Naturi huonyesha nyumba kwa wanaotafuta, humsimamia fundi wa AC, huziba bomba kabla halijalowesha wa chini, na humjua anayetaka kuhama kabla mwenyewe hajamwambia mkewe.

Mwenye jengo tulimwita Arbab. Mzee wa hapo hapo, mpole, aliyekuja jioni na kandambili zake na kukaa kwenye kiti changu, nami nikasimama. Hakuanza kwa kuuliza kodi. Kila mara aliuliza, "Kuna nyumba tupu?" Nikimwambia iko moja, alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa.

"Nyumba tupu inakula," alisema. "Inakula rangi, inakula AC, inakula mpaka kodi ya jirani yake." Ndiyo maana alikuwa radhi kupunguza kodi kidogo mpangaji aingie kabla ya joto la Julai, wakati watu wengi husafiri na majengo hubaki na nyumba tupu. Wenye majengo wa jirani walimcheka. Jengo lake halikubaki tupu.

Basi nyinyi vijana mnaoniandikia mkitaka siri ya kuweka akiba Uarabuni, nitawaambia nilichokiona, si nilichosoma. Mimi nilikuwa na hofu moja tu kuu: kurudi nyumbani mzee, mikono mitupu, nikaanza kumpigia simu binti yangu Nafula kuomba pesa ya dawa. Niliwaona wazee wa hivyo kijijini. Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nilale katika kijumba cha naturi chini ya ngazi, bila kulipia kitanda kama wenzangu wa mtaa wa Naif, ili kila kinachobaki kiende nyumbani. Swali lilikuwa kiende kufanya nini.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Wengine walinunua dhahabu katika soko la Deira, bangili moja moja, na sisemi ni vibaya. Dhahabu hukaa, ila haikuletei unga. Wengine waliweka katika chama cha akiba na mikopo nyumbani, nami nikaweka humo kidogo kidogo, na hilo sikulijutia. Halafu kulikuwa na mabwana wenye tai waliokuja kutoka Nairobi siku za Ijumaa, wakakodi ukumbi wa hoteli na kutuuzia nyumba ambazo hazijajengwa. Nilikwenda. Sambusa zilikuwa nzuri mno. Nilirudi na picha ya jumba la kioo, nikamwonyesha Mudiri.

Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Mlango uko wapi?" akauliza. "Nipe ufunguo nikafungue." Nikaitazama picha tena; mlango haukuonekana. "Khalas, yameisha," akasema, akanirudishia.

Lakini moyo wangu ulikuwa umeshalala mahali pengine. Nilitaka kujenga jumba kwenye ploti yetu: ghorofa, vigae vyekundu, roshani mbili, vyumba sita vya kulala. Mtu aliyetoka Dubai atajulikanaje? Rafiki yangu Kimani, aliyekuwa mlinzi wa duka huko Naif, alikuwa ameshajenga la kwake Nyandarua na picha zake tulizipitisha mkono kwa mkono. Nikamtumia mke wangu, Mama Nafula, pesa za msingi.

Ijumaa moja nikanunua kadi ya simu nimuulize msingi umefika wapi.

"Haujachimbwa," alisema.

"Kwa nini?"

"Baba Nafula, hapa ng'ambo ya barabara wamefungua hospitali. Wauguzi wanatafuta vyumba mpaka wanalala kwa pasta. Na wewe kila ukipiga simu ni Arbab hivi, Arbab vile, nyumba tupu inakula. Sasa hivyo vyumba sita atalala nani? Nihamehame kila usiku?"

"Nijenge vyumba vya kupangisha, mimi nikirudi nilale wapi?"

"Kimoja ni chako. Kodi nitakusamehe."

Nilikasirika vibaya. Nilimwambia amenidharau, kwamba watu watasema nilikwenda Uarabuni kufuata kibanda. Akaniacha nimalize. Kisha akasema pesa ziko salama katika akaunti yetu, hatazigusa mpaka nikubali, akanitakia usiku mwema. Mwanamke huyo hapigi kelele, na hapo ndipo anapomshinda mtu.

Sikukubali. Tulikaa hivyo miezi mingi, pesa zimelala, na mimi nikijiona mwenye haki.

Mwishoni Mudiri alinihamishia Al Warqa, kwenye jumba jingine la Arbab lililokuwa linangoja mpangaji. Jumba zuri, marumaru mpaka chooni, mimi peke yangu ndani. Hapo nilijifunza jambo ambalo mjenzi hakuambii. Chini ya kila tundu la maji sakafuni kuna kipinda kinachoshika maji kidogo, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya mtaro na mende. Watu wakiishi, kipinda kimejaa. Wasipoishi, maji hukauka na jumba zima hunuka. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuzunguka na ndoo nikimimina maji katika kila bafu ambamo hakuna aliyeoga.

Siku moja Kimani alikuwa amekuja kunisalimu. Akanifuata na maneno huku nikimimina: mshahara wa mlinzi wa jumba lake kule nyumbani umepanda, na popo wameingia darini. "Nani anaishi humo?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Mlinzi," akasema. "Analala sebuleni."

Tulitazamana. Mimi ndoo mkononi, katika jumba tupu la mtu mwingine, nikipanga kujenga la kwangu nimlipe mtu aje kulimiminia maji. Nilicheka mpaka Kimani akadhani joto limenipanda. Jioni hiyo nilimpigia Mama Nafula nikamwambia achimbe msingi wa vyumba.

"Nilishamwambia fundi angoje," alijibu. "Nilijua utachelewa, si kwamba hutafika."

Nilistaafu kabla muongo haujaisha. Kiinua mgongo changu kiliweka paa la safu ya pili ya vyumba na tangi la maji. Tunaishi katika vyumba viwili vya mwisho, karibu na geti, na sijawahi kumpigia Nafula kuomba dawa. Yeye ndiye hupiga kuuliza kama kuna chumba cha rafiki yake. Nimetulia kuliko nilivyotarajia.

Juzi alikuja muuguzi mgeni na begi lake. Alinikuta nafagia.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye mlinzi hapa?"

"Marahaba. Ndiye."

Nikamfungulia chumba. Kufuli halikugoma. Nikafungua bomba, nikawasha taa, nikamwonyesha mahali jua linapoingia asubuhi, kisha nikasogea kando ajionee. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na mwenye nyumba ni mtu wa aina gani?"

"Ni mama," nikamwambia. "Mkali kidogo, lakini kitu kikiharibika kinatengenezwa siku hiyo hiyo."

Akacheka, akaweka begi chini. Nami nikaenda kumwambia Mama Nafula kwamba hakuna chumba tupu.