Watoto wa Mbwa wa Shamba la Minazi

Ijumaa iliyopita tulimzika bibi yangu kijijini Mwera. Watu walipotawanyika nikapita nyuma ya ghala la nazi, pale tulipozika watoto wa mbwa nikiwa darasa la tatu. Pameota majani tu.

Babu alikuwa mlinzi wa shamba la minazi la Mwarabu mmoja. Mbwa jike wa shamba alikuwa wa mbegu ya kigeni, mkubwa kama ndama, akazaa wanne wenye nyayo nene kama maandazi. Tuliona miili ile tukadhani ndiyo afya. Kumbe walitakiwa kuchanjwa. Tajiri akiwa safarini Maskati, mmoja akaanza kuhara damu. Kesho yake, wote.

Bibi, ambaye mbwa alikuwa hamgusi hata kwa fimbo, akatandika magunia ndani ya pakacha, akawapanga. "Amana ya watu hii," alisema. Kijana wa bodaboda akakataa kutupeleka kwa daktari Pangani.

"Bibi, mimi nina udhu. Mbwa sipakii."

"Udhu gani, na tembo la mnazi linakunukia tangu asubuhi?"

Wenzake walimcheka, lakini hakutupakia. Tukaenda Pangani kwa miguu, pakacha katikati yetu, uchafu wa damu ukichuruzika na kuninata miguuni. Harufu ile ninaijua hadi leo.

Daktari wa mifugo alimwamkia bibi, kisha akafunua gunia. Wawili walikuwa wameshakufa. Waliobaki akawachoma sindano.

"Bibi, sikudanganyi, mmechelewa. Wapeni maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, msichoke."

Wa tatu alifia njiani. Wa mwisho bibi alimpakata uani, akawa anampanua mdomo kwa vidole vyake mwenyewe na kumtilia maji. Jirani akachungulia.

"Shoga, leo umehama dini?"

Ikaadhiniwa Magharibi. Bibi alitaka kuinuka akajitoharishe najisi ya mbwa, mara saba na udongo, lakini kila akimweka chini, mbwa analia. Akaketi tena.

"Sala nitaikidhi baadaye," alisema. "Huyu hanisubiri."

Mbwa alikufa kabla ya Isha. Maji ya mwisho yalimtoka pembeni mwa mdomo. Bibi akamfunika kwa kanga aliyojitanda, babu akachimba. Kisha nikammiminia bibi maji mara saba, akajiosha kwa udongo hadi viwikoni, akatawadha, akaingia ndani. Nilimsikia akianza kusali, akakosea, akaanza tena.