Siku Niliyosema Tumbo

Jambo hili watu wa avenyu yetu wamelicheka mpaka wakachoka, basi heri nilisimulie mwenyewe, maana kila mmoja analitia chumvi yake (kuna anayesema nilivuliwa suruali, hapana, suruali nilibaki nayo, ingawa haikufaa tena kwenda nayo kanisani). Mimi, niliyemaliza sekondari, nikaandika barua za ofisi ya reli hapa Kalemie miaka mingi bila kukosa nukta, nilishindwa na neno moja ambalo kila mwanamke sokoni analisema.

Mke wa mwanangu, tunamwita Mama Neema, alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alizaa kwa kupasuliwa, na muuguzi alimwonya: safari hii uchungu ukianza tu, usikae nyumbani, kovu linaweza kufunguka. Mke wangu alinikumbusha maneno hayo mara tatu kabla ya kupanda boti, yeye na mjukuu wetu Neema, kwenda kwenye matanga ya dada yake huko Mpala. Mwanangu naye alikuwa Moba kwa kazi ya bandari. Tukabaki mimi na mkwe wangu, na kwetu (nyinyi mnajua) baba mkwe hakai karibu na mke wa mwanawe, wala mambo ya uzazi wake hayataji. Miaka minne ndani ya lupango moja, ua mmoja, hakuwahi kunitazama usoni, nami nilijivunia heshima hiyo kama diploma.

Asubuhi moja nikamwona ameshika ukuta, maji yanamchuruzika miguuni. Nikageuza uso. Ningeweza kumwita jirani yetu Mama Zaina, mwanamke mwenzake, ampeleke. Lakini nikaona aibu Mama Zaina anikute nahangaika na mambo ya wanawake, nikasema nitayamaliza mwenyewe, tena kwa adabu. Nikasimamisha moto mbili, hizi pikipiki za abiria, yangu na yake (kupanda naye moto moja, sithubutu), nikawaambia wenye moto:

— Hospitali, mbio! Mama ana tumbo.

Sasa anayeishi Kalemie anajua kwamba kipindupindu kikiwa kinapita, ukisema mtu ana tumbo hakuna anayeuliza la pili. Mwenye moto aliyempakia Mama Neema akavuta kola ya shati mpaka puani, wakakata kona, wakatushusha mbele ya mahema meupe, nami katika haraka yangu nikadhani ni mlango wa nyuma wa maternite, wodi ya wazazi. Mwanamume mwenye pompu ya dawa mgongoni akanizuia getini.

— Papa, tumbo ilianza saa ngapi?

— Asubuhi.

— Inamukamata kila mara?

— Kila dakika kumi.

— Kila dakika kumi! Na maji inatoka?

— Imetoka mingi sana.

— Mungu wangu! Na mimba juu yake! Muingize, muingize!

Nikafurahi, nikasema moyoni kumbe hawa watu wanajua kazi. Wakanipulizia klorini toka viatu mpaka kiunoni, wakamlaza Mama Neema kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Muuguzi akaanza kumtafuta mshipa wa kutundikia dripu ya serumu, kisha akanigeukia:

— Papa, wewe njo utamulinda mugonjwa. Ukuwe unaangalia ndoo, utuambie imefika wapi.

Mimi, niangalie ndoo chini ya mkwe wangu! Nikaangalia paa la hema. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena, na kila alipoguna mimi nilikohoa ili nisimsikie, na saa nzima ikapita hivyo, yeye anaguna, mimi nakohoa, mpaka akaniita. Miaka minne, na maneno ya kwanza aliyoniambia uso kwa uso yalikuwa haya:

— Papa, uwaambie. Niko nazaa. Kovu inaniwaka.

Nikamwita muuguzi. Mnafikiri nilisema? Nikasema, "Mama huyu... anajisikia mzito." Akajibu kwamba hapa kila mgonjwa ni mzito, akapita. Kwenye kitanda cha pili alilala bibi mmoja kutoka Katanika, nguvu za kukaa hana, lakini mdomo alikuwa nao:

— We muzee! Mutoto ataanguka mu ndoo, na wewe uko unachagua maneno!

Hapo nikapiga kelele, hema zima likageuka:

— Ana uchungu wa kuzaa! Chupa imepasuka! Mtoto wa kwanza alimzaa kwa kupasuliwa, na kovu linamwuma!

— Na ulisema tumbo! muuguzi akanirukia.

— Sasa mimba iko wapi, si mu tumbo? nikajibu, mjinga mimi, na hata waliokuwa na serumu mkononi wakacheka.

Wakamkimbiza maternite, akapasuliwa. Mtoto wa kiume akalia. Lakini kovu lilikuwa limefunguka, damu ikakataa kukoma, na ili mama aishi wakatoa kizazi. Ana miaka ishirini na minne. "Mungefika mapema kidogo..." daktari akasema.

Mwanangu aliporudi akauliza nani aliwapeleka kwa watu wa kipindupindu. Mama Neema akajibu kwamba mwenye moto alikosea njia. Alinifunika, nami nikakubali kufunikwa, siku mbili natoka naingia, sikai. Siku ya tatu mwanangu akavaa viatu, akasema anakwenda kumfundisha njia huyo mwenye moto. Nikamkimbilia na magoti yangu haya, nikamkuta kituoni keshamkamata mtu kola (wala hakuwa yeye), na mbele ya wenye moto wote nikasema:

— Mwache. Walitupeleka pale nilipowaambia. Mke wako alikuwa na uchungu, na mimi baba yako niliona aibu kutaja mimba. Nilisema tumbo.

Wenye moto walicheka. Mwanangu hakucheka. Aliachia kola, akapita kando yangu kama mtu anayepita kando ya mti.

Nilirudi, nikaketi mbele ya Mama Neema, nikamtazama, nikaomba msamaha.

— Papa, hata mimi nilinyamaza, akasema.

Sikubali. Yeye alinyamaza kwa sababu sisi wazee ndio tuliomfundisha kunyamaza, tukaiita heshima. Mimba, uchungu, chupa, damu: nimeapa sitayameza tena maneno hayo, na wewe mzee mwenzangu yazoeze mdomoni leo, kabla hujasimamisha moto.