Injini ya Babu Juu ya Mkeka Wangu

Wiki iliyopita nilipata kazi mjini, mtaa wa Area 49, nyumbani kwa mama mmoja anayetaka sebule yake ipendeze kuliko za wenzake wote. Alikuwa ameagiza picha zilizochapishwa kwenye turubai, zote za uvumbuzi wa zamani wa vyombo vya majini: pangaboi, kofia ya shaba ya mzamiaji, na injini ya mvuke yenye gurudumu kubwa. Kazi yangu ni kutundika tu. Nilipoikunjua ile ya injini, rafiki yangu, nyundo ilinishinda. Mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa, nikasema ni jua.

Kumbe kimawazo nilikuwa nimesharudi kambini Dzaleka, chumbani kwa bibi.

Sisi wakimbizi kutoka Uvira, kando ya ziwa, tulikuja na vitu vya ajabu. Wengine walibeba cherehani, wengine sufuria. Bibi alibeba picha tatu za turubai, zote za mashine, moja ikiwa ya injini hiyohiyo, amezizungushia kitenge. Babu alikuwa fundi wa injini za maboti ziwani, na bosi wake alimwachia picha hizo siku alipofunga ofisi. Babu alifariki kabla hatujakimbia, na hakuacha hata picha moja ya uso wake. Basi bibi akatundika mashine.

Majirani walipamba kuta kwa kalenda za kanisa na wachezaji wa mpira. Kwetu, kila aliyeingia kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, alikutana na vyuma. Jirani yetu wa mlango wa pili, mwenye baiskeli mbovu, hakuchoka kututania.

"Mama, hapa njo garaji? Nilete velo yangu mutengeneze?"

"Leta, we," bibi alijibu, akicheka mpaka mwiko ukasimama chunguni. "Fundi iko."

Jumamosi ilikuwa siku ya usafi. Tulikandika sakafu kwa udongo na majivu huku harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga ikituzungusha vichwa, kisha napewa kitambaa kikavu nifute picha. Hapo ndipo bibi alipotuonyesha babu. Aliweka kidole pembeni mwa injini, mahali pasipo na kitu, akasema, "Babu yenu anasimama hapa, clé ya kufungulia nati iko mu mukono. Anakasirika juu mafuta imemwangika." Nasi tulimwona, nakuapia. Nilijua hata shati lake. Baadaye, shuleni, niligundua kwamba mashine za aina ile zilikuwa zimeachwa kabla babu hajazaliwa, wala haikunisumbua.

Kisha ukaja msimu wa mvua ulioniangusha. Plastiki iliyofunika paa ilichanika, maji yakawa yanadondoka juu ya mkeka wangu, na kifua kilinibana, nakohoa mpaka natapika. Bibi alizunguka nyumba nzima akitafuta cha kuziba, hakupata. Akasimama mbele ya picha. Yule jirani mtani, aliyekuja kutusaidia kusogeza vyombo, alimshika mkono.

"Ile ya injini uache, mama. Njo bwana yako."

Bibi aling'oa msumari. "Mi siwezi kuacha picha ikae kavu, mutoto analowana."

Akaifunga darini juu yangu, na zile nyingine mbili zikafuata. Nililala mkavu, nikapona. Mvua zilipokatika, turubai lilikuwa limeota ukungu, rangi zimechuruzika, na injini haikuonekana tena. Hakuna aliyenilaumu, wakati ule wala leo, na hilo ndilo linaloniuma. Wangenilaumu kidogo ningepata cha kujibu.

Yule mama wa Area 49 alikuwa ameagiza injini kwa vipimo viwili, na ile ndogo haikujaza ukuta, akaiweka kando. Nilimwomba, akanipa. Jumapili nikapanda kabaza, pikipiki ya abiria, hadi mlangoni kwa bibi kambini, nimeikumbatia njia nzima. Macho yake siku hizi ni dhaifu, ikabidi aikaribie sana.

"Njo yenyewe," akasema, kisha akashukuru kwa lugha ya wenyeji. "Zikomo, mujukulu."

Nikangoja kidole chake. Hakikuja. Mimi mwenyewe nikauchukua mkono wake, nikauweka pembeni mwa injini.

"Na babu?"

Akauondoa taratibu. "Babu yako haiko hapa. Alibakia mu ile yenye ililowana."

Hakusema kwa kunisuta. Aliniuliza kama nimekula, akaenda kupasha sombe. Mjini sasa unachapishiwa picha ya mashine yoyote ukiwa umesimama unasubiri, na nilikuwa nimejidanganya kwamba hilo lingetosha. Nilibaki nimeketi mbele ya ile picha mpya, nzuri, isiyo na mtu, nikivuta pumzi bila shida yoyote, na kila pumzi nikiionea haya.