Bamama wa Bagira Hawasubiri Tena Nyuma ya Wageni

Jumamosi, saa mbili asubuhi. Wanawake saba waliovaa mabuti ya mpira wanapanda kilima cha Kasha, kata ya Bagira, huku wakinguruma. Mbele yao Joviale Bulonza anasimama, anageuka, anatoa sauti nzito ya kooni, mara mbili, nao wanaitikia. Hivyo ndivyo mgeni anavyomwambia gorila kwamba amekuja kwa amani. Wapita njia wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Bacheke tu," anasema Joviale. "Siku tutafika kule, hao hao batatuomba picha."

Joviale ana miaka arobaini na mitatu, na kazi yake ni kupanga safari za kwenda kuona gorila katika mbuga ya Kahuzi-Biega. Ndiyo, hata sasa! Mbuga imefungwa kwa sababu ya vita, ndege hazitui, barabara ina vizuizi, naye bado anapanga. Zamani alipeleka wageni wapatao thelathini kwa mwezi. Wageni wake wote wa mwaka huu wangeenea kwenye gari moja.

Siku hizi anaishi kwa kukodisha mabuti aliyowanunulia watalii. Wauza samaki huyachukua sokoni wakati wa matope. Jumamosi hayakodishwi kwa yeyote, kwa sababu Jumamosi ni ya mazoezi.

"Bazungu banatoka Ulaya kuona gorila," anasema, na sauti inapanda. "Sisi tunaangalia ule mulima kila asubui tukianika nguo, na hatujafika. Haiko haya hiyo?"

Kati ya wanawake hao yumo Marie-Louise, mjane wa miaka sabini na mmoja. Mumewe alifanya kazi mbugani miaka thelathini, akifuata nyayo za gorila msituni. Jioni alirudi akiwataja kwa majina, huyu ana hasira, yule amezaa, kama anayezungumzia wakwe.

"Nilikuwa na wivu, kweli," anasema Marie-Louise. "Nilijiuliza, familia yake ni sisi ao ni bale? Sasa nataka nibaone na macho yangu. Nijue alikuwa ananiacha kila siku juu ya nini."

Tatizo ni goti. Limevimba, na daktari amemwambia asitegemee kupanda milima mwaka ujao.

Wamekwisha kujaribu kwenda mara mbili. Mara ya kwanza, gari la akina mama lilirudishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Mara ya pili mbuga ilifunguliwa ghafla, wageni wa nje wakatangulizwa, zamu ya akina mama ikawekwa Jumamosi. Alhamisi mbuga ikafungwa tena. Marie-Louise alikuwa ameshasuka nywele.

Leo, masikini, amekuja na mafua. Gorila huambukizwa magonjwa ya watu, na mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia. Joviale anasikia chafya moja tu.

"Maman, rudia nyumbani."

"Gorila iko wapi hapa Kasha?"

"Ukizoea kuficha mafua hapa, utaificha na kule."

Marie-Louise anasonya. Anavaa barakoa, anakwenda nyuma ya wote, na anaendelea kupanda.

Katikati ya kilima simu inalia. Ni Hugues, wakala anayeishi Ubelgiji, ambaye zamani alimletea Joviale nusu ya wageni wake. Simu ya Joviale imeharibika, haisikiki bila spika, kwa hiyo wote wanasikia. Hugues amepata fununu kwamba mbuga itafunguliwa. Anataka nafasi zote nane zinazoruhusiwa siku ya kwanza, na atalipa mara mbili.

"Siku ya kwanza imejaa," anajibu Joviale.

"Imejaa na nani? Si muji umefungwa?"

"Na bamama ya Bagira. Saba, na miye wa nane."

"Joviale, hao banaishi pale pale! Baende siku ya pili."

Joviale anawatazama wanawake wake, wamesimama juani, wakihema. Malipo hayo yangemweka mjini bila wasiwasi mwaka mzima.

"Siku ya pili tuliingoja, hatukuiona," anasema. "Minakuheshimu, Hugues. Lakini mara hii bageni yako batafuata nyuma. Kama hautaki, tafuta mutu mwingine."

Anakata simu. Vigelegele vya akina mama vinawatoa majirani nje.

Mpango wake sasa ni mmoja: siku lango litakapofunguka, wao wawe wa kwanza kuingia. Gari likizuiliwa, watajaribu kwa pikipiki. Goti la Marie-Louise nalo amelifikiria. Amekwisha kuongea na vijana wanne wenye nguvu watakaombeba kwa kipoyi, kiti cha kubebwa mabegani.

Marie-Louise, ambaye ndiyo kwanza anawafikia wenzake, anashusha barakoa ili asikike vizuri.

"Bwana yangu alienda na miguu miaka thelathini," anasema. "Hiyo kipoyi muniwekee ya kurudi."