Mashine Isiyosema Ndiyo

Katika shule ile ya wanafunzi wasioona, mtunza mitambo aliitwa Mama Kebo. Wanafunzi ndio waliombandika jina hilo, kwa kuwa walimtambua kwa mkwaruzo wa kebo aliyozoea kuivingirisha begani. Alikuwa mtu wa hatua moja baada ya nyingine. Hakuwahi kuchomoa waya kabla hajaugusa mara mbili, kama mpishi anayegusa sufuria kujua kama ina moto.

Seva ya shule, kompyuta iliyowatunzia wanafunzi vitabu vya kusikiliza, ilikaa katika chumba kilichokuwa stoo ya chaki. Vumbi jeupe lilikuwa bado kwenye nyufa za sakafu, na meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi ulioinuliwa kwa kipande cha boksi. Kwa miaka mingi mashine iliyokaa juu ya meza hiyo iliendeshwa kwa mfumo wa Windows, na Mama Kebo aliizoea kama jirani wa ukuta mmoja. Wengine walibofya vipicha. Yeye alipenda kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, kwa sababu kilikuwa na adabu ya kujibu. Ukikiambia kinakili, kilikutajia idadi ya faili zilizonakiliwa. Ukikiambia kifute kila kitu, kilikuuliza kwanza kama una hakika.

Asubuhi ya siku hiyo gari lilikuja kuichukua mashine ile, na mahali pake ikawekwa mpya, ya mfumo wa Linux. Mtaalamu aliyeifunga alikuwa na haraka.

"Mama, hii ni nyepesi na haichoki," alisema akijipangusa vumbi. "Amri ni zilezile, majina tu ndiyo mafupi. Badala ya kuandika *copy*, andika *cp*. Badala ya *move*, andika *mv*. Ukitaka kuona kilichomo, *ls*. Basi."

Akaenda zake, na simu yake ikawa haipatikani tangu hapo.

Kilichobaki cha mashine ya zamani ni diski moja ndogo, iliyotoshea kiganjani. Ndani yake mlikuwa na vitabu vyote vya fasihi vilivyosomwa kwa sauti na mwalimu mmoja wa zamani, ambaye sasa sauti ilikuwa imemwishia kooni. Hata salamu aliitoa kwa kunong'ona. Nakala nyingine haikuwapo. Darasa la mwisho lilikuwa na mtihani kesho yake, na baada ya chakula cha mchana wangekuja kusikiliza kwa mara ya mwisho.

Mama Kebo alichomeka diski ili avinakili vitabu kwenye seva, akaandika *copy* kwa mazoea. Mashine ikamjibu papo hapo kwamba amri hiyo haiijui.

"Haya, samahani," alisema, akaandika *cp*.

Taa ya diski ilimetameta kwa muda mrefu, kisha ikatulia. Kishale cha kuandikia kikarudi mwanzo wa mstari, kikawa kinapepesa. Hakuna idadi, hakuna neno. Mama Kebo alisubiri. Akasafisha miwani, akasubiri tena. Mwisho akaona labda haikusikia, akarudia amri ileile. Taa ikametameta, ikatulia. Kimya.

Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni. "Mama Kebo, imekubali?"

"Haijasema, Mwalimu."

"Haijasema, au imekataa?"

"Hapo ndipo sipajui. Ile ya zamani ilikuwa inajibu."

"Mashine tumeinunua kwa bei ile, halafu imekununia siku ya kwanza?" Mwalimu mkuu alicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye saa ya ukutani. "Watoto wanakula sasa hivi."

Alipoondoka, Mama Kebo akajishauri. Kwenye mashine ya zamani, kunakili kulipogoma, kuhamisha kulikubali. Akaandika *mv*. Taa ikacheza, ikatulia. Kimya kilekile. Akarudia *mv* kwa kugonga vitufe kwa nguvu, kama mtu anayemwita kiziwi.

Safari hii mashine ilisema. Ilisema kwamba hakuna faili kama hizo.

Alisoma mstari ule mara tatu. Hakuna? Akaandika *ls* kuiangalia diski. Haikuja hata herufi moja. Kishale tu, kikipepesa. Sasa hakujua tena kimya hiki ni cha namna gani: cha kununa, cha kutosikia, au cha nyumba iliyohamwa. Alimfikiria yule mwalimu na koo lake, akakaa kwenye katoni.

Simu ikalia. Alikuwa mke wa shemeji yake, bibi harusi aliyeingia katika familia juzijuzi, na leo ilikuwa zamu yake ya kwanza kumpikia mama mkwe wao.

"Dada, nimeharibu," bibi harusi alisema kwa sauti ya kulia. "Nimempa Mama chakula, amekula, hajasema kitu. Si kizuri, si kibaya. Nimekaa pale kama mshtakiwa!"

"Amemaliza sahani?"

"Ameimaliza! Nikadhani hakushiba, nikampelekea nyingine. Ndipo akanijia juu: 'Chakula gani tena, wewe? Mimi si nimeshakula?'"

"Mdogo wangu, tulia. Mama yule akiridhika hasemi. Chumvi ikipungua ndipo utamsikia mpaka barabarani. Akinyamaza, chukua sahani ukaoshe. Ukimrudia mara ya pili, lazima akugombeze, kwa sababu..."

Mama Kebo akanyamaza.

"Kwa sababu gani, dada? Dada? Na wewe umeninyamazia?"

"Kwa sababu chakula kimeshaingia tumboni," alisema polepole. "Nitakupigia."

Aligeukia kibodi. Muda wote alikuwa akichungulia sahani. Tumboni hakuwahi kuangalia. Akaandika *ls*, safari hii akiitaja folda ya seva yenyewe. Majina ya vitabu yakamwagika, yakaijaza skrini. Akafungua kimoja. Sauti ya mwalimu yule ikatoka nzima kama zamani, ikakohoa kidogo, ukurasa ukafunuliwa, ikaendelea.

"Kumbe umekula," aliiambia mashine. "Si useme, basi!"

Darasa la mwisho liliingia katika chumba cha kusikilizia, mlango wa pili, likipapasa viti, likavaa spika za masikioni. Mama Kebo akawawashia. Minong'ono ikakatika, chumba kizima kikatulia tuli. Akawatazama usoni mmoja mmoja. Hakuna aliyetabasamu wala kukunja uso.

"Mnasikia?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Alifungua kinywa aulize tena, akakifunga, akaikalia mikono yake.

"Imekubali?" mwalimu mkuu alinong'ona mlangoni.

"Nadhani, Mwalimu."

"Unadhani? Na ipi bora, hii au ile ya zamani?"

Mama Kebo aliwaza. "Ile ilikuwa inanijali. Hii... hata sijui inanionaje. Niachie kwanza."

Mstari wa nyuma, mvulana mmoja akainua mkono. "Mama Kebo, mimi sisikii kitu!"

Aliinuka mbio, na moyo wake, badala ya kushtuka, ukatulia. Waya wa mvulana ulikuwa umechomoka. Akaugusa mara mbili, akauchomeka. Mvulana akanyamaza.